Kuzidisha kasi ya prosesa kuukuu: kilichowezekana Ruiru kikashindikana Mombasa

Haupiti mwezi bila ya kupokea simu mbili tatu kutoka nyumbani Mombasa, na swali huwa ni lilelile: "Kompyuta yangu ni ya zamani. Nasikia nyinyi mafundi wa bara mwajua kuipandisha kasi bila ya kununua prosesa mpya. Ni kweli?" Jibu fupi ni kwamba ni kweli. Jibu refu ndilo makala haya, kwa sababu jibu fupi nilimpa mpwa wangu mwenyewe na likaharibu harusi ya watu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Naishi Ruiru, na kazi yangu ya kutengeneza kompyuta iko Thika. Kati ya miji hii miwili iko Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na wanafunzi wa hapo ni wanunuzi na wauzaji wakubwa wa vipuri vya mitumba. Kompyuta nyingi zipitazo mikononi mwangu ni zilizokwisha tumika maofisini huko Ulaya, zikaletwa huku kuanza maisha ya pili. Mwenye nazo hana pesa za mpya, lakini kazi yake ni ya leo. Ndiyo maana swali la kuzidisha kasi haliishi.

Kuzidisha kasi ni nini

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa ngoma. Kila pigo likipigwa, mamilioni ya transista ndani yake hubadilika hali kwa pamoja, kisha husubiri pigo jingine. Mapigo bilioni moja kwa sekunde ndiyo gigahezi moja. Kuzidisha kasi, au kuovakloki kama wasemavyo mafundi, ni kuharakisha hiyo ngoma kupita pale kiwanda kilipoandika.

Katika prosesa za Intel za zama za Core 2, kasi hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Ya kwanza ni pigo la msingi la bodi, na ya pili ni kizidishi cha prosesa yenyewe. Chukua Core 2 Quad Q6600, iliyotoka Januari 2007 ikiwa na viini 4. Pigo lake la msingi ni megahezi 266 na kizidishi chake ni 9. Mara 9 ya 266 ni 2,400, yaani gigahezi 2.4. Kizidishi chake huwezi kukipandisha, lakini bodi ikikuruhusu kupandisha pigo la msingi hadi 333, prosesa ileile inakwenda gigahezi 3.0.

Je, kiwanda kiliacha nafasi hiyo kwa bahati mbaya? Hapana. Julai 2007 Intel ilitoa prosesa ya QX6850 kwa dola 999. Ilikuwa ya muundo uleule wa Q6600, ila imewekwa 333 mara 9, yaani 3.0 kamili. Mwezi huohuo bei ya Q6600 ilishushwa hadi dola 266. Prosesa hutengenezwa nyingi kwa pamoja kwenye sahani moja ya silikoni, halafu hupimwa na kupangwa madaraja. Zilizofanya vizuri huuzwa ghali, na zilizobaki huuzwa kwa kasi ya chini. Lakini soko likitaka nyingi za bei nafuu, hata nzuri hupewa jina la daraja la chini. Hapo ndipo mafundi walipopata riziki yao. Kabla ya hiyo, mwaka 1998, Celeron 300A ya megahezi 300 ilisifika dunia nzima kwa sababu ukiipandisha pigo la msingi kutoka 66 hadi 100, ilifika 450 bila ya kulalamika.

Mpaka wa mwisho kabisa uko mbali zaidi, lakini haufikiwi na kompyuta ya kazi. Mwaka 2011 prosesa ya AMD FX-8150 ilipandishwa hadi gigahezi 8.429 na kuingia kitabu cha Guinness. Desemba 2022 Core i9-13900K ilivuka 9. Mbio hizo hupozwa kwa nitrojeni au heliamu iliyogeuzwa maji, zenye baridi ya zaidi ya nyuzi 190 chini ya sufuri, na hudumu kitambo kidogo tu, cha kutosha kuthibitisha namba. Sisi twataka mashine ifanye kazi kutwa nzima Jumamosi.

Joto hupanda haraka kuliko kasi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea.

Ngoma ikiharakishwa, transista hupata muda mfupi zaidi wa kumaliza kazi kabla ya pigo linalofuata. Zikishindwa, dawa ni kuziongezea volteji ili zibadilike upesi. Lakini moto unaotoka kwenye prosesa hufuata kanuni hii: hupanda sawa na kasi, na hupanda kwa volteji mara volteji. Maana yake ni kwamba volteji ikiongezeka kidogo, joto huongezeka sana.

Tuiweke kwa namba, tukianzia gigahezi 2.4 kwa volti 1.25, ambayo prosesa ya mpwa wangu iliomba yenyewe:

- Gigahezi 3.0 kwa volti ileile 1.25: kasi imeongezeka asilimia 25, na joto asilimia 25.
- Gigahezi 3.4 kwa volti 1.3875: kasi imeongezeka karibu asilimia 42, na joto karibu asilimia 75.
- Gigahezi 3.6 kwa volti 1.45: kasi imeongezeka asilimia 50, lakini joto limekuwa mara mbili ya la mwanzo.

Tazama hatua ya kutoka 3.0 hadi 3.4. Kasi uliyoongeza ni asilimia 13 pekee, na joto uliloongeza ni asilimia 40. Nusu ya kwanza ya safari ni ya bure. Nusu ya pili unailipia.

Na unailipia kwa stima pia. Toleo la mwisho la Q6600, linaloitwa G0, limeandikiwa wati 95. Asilimia 75 zaidi ni kama wati 71. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 15 hivi za ziada kwenye tokeni zako. Ukibaki 3.0 bila ya kugusa volteji, ni uniti 5 tu.

Hewa ya Thika na hewa ya Mombasa

Feni ya kompyuta haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwenye prosesa kulitia kwenye hewa ya chumba. Kwa hivyo prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimokaa. Prosesa ikipanda nyuzi 45 juu ya hewa, kwenye chumba cha nyuzi 18 itakuwa 63, na kwenye chumba cha nyuzi 33 itakuwa 78. Mashine ni ileile na mipangilio ni ileile.

Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mwezi wa Julai kwetu huku ni wa makoti: kutwa nzima mawingu, na usiku baridi ya kufunga madirisha. Mombasa iko usawa wa bahari, na msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 na 33. Chini ya bati hupita hapo.

Liko jambo moja linaloisaidia Mombasa, nalo wengi hawalijui. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Ndiyo sababu maji ya chai Thika huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia kuiva. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo: feni ikizunguka sawasawa, uzito wa hewa inayopita Thika ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Kwa hivyo feni ileile hupoza vizuri zaidi Mombasa kuliko Thika. Lakini faida hiyo kwa kawaida ni ya nyuzi 4 au 5, na tofauti ya hewa ya chumba kati ya Julai ya Ruiru na Februari ya Mombasa ni nyuzi 15 au zaidi. Mombasa inashindwa.

Ongeza chumvi na unyevu. Huku kwetu adui ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huondoka kwa bloa. Pwani vumbi hulowa kwa unyevu, likagandamana kwenye mapezi ya kipoza joto kama uji uliokauka, na chumvi ya bahari hula miguso ya RAM na ya nyaya. Mashine iliyosafishwa leo, baada ya miezi sita si mashine ileile.

Kilichotupata

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana duka dogo la video za harusi Mombasa, yeye na mkewe. Yeye hupiga nikahi na shughuli za wanaume. Mkewe hupiga kupamba na kuihariri mwenyewe, maana ile ni shughuli ya wanawake na video yake haitakiwi kupita mikononi mwa mwanamume. Julai 2016 alikuja Ruiru kutuamkia, na kompyuta yake akaja nayo ndani ya basi.

"Mjomba," akaniambia, "harusi moja yanichukua saa nne kuitoa, na msimu ukifika huwa na kazi tatu kwa wiki. Nifanyie maarifa."

Ilikuwa Q6600 ya G0 kwenye bodi yenye chipseti ya Intel P35, ambayo ni katika bodi zinazokubali mambo haya. Nilitoa kipoza joto chake cha asili nikamtilia kirefu chenye mirija ya shaba, nilichokinunua kwa mwanafunzi mmoja Juja. Nikapaka pesti mpya, nikaanza kupandisha. Ilifika 3.0 bila ya kuongezwa volteji hata chembe. Kazi ya saa 4 ingekuwa saa 3 na dakika 12. Hapo ndipo ilipofaa nisimame.

Sikusimama. Nilitaka kuona mwisho wake. Kwa 3.6 ilikuwa ikiganda kila baada ya dakika chache, hata kwa volti 1.45. Nikarudi 3.4 kwa volti 1.3875, nikawasha Prime95, programu inayoifanyisha prosesa hesabu nzito bila ya kupumzika na kukagua majibu, nikaiacha usiku kucha. Chumba kilikuwa nyuzi 17. Asubuhi viini vilikuwa nyuzi 66 na hakuna kosa hata moja. Nikampa kijana mashine yake kwa majivuno. Saa 4 zimekuwa saa 2 na dakika 50.

Ilimfaa hadi mwisho wa mwaka. Februari 2017, kaskazi imepamba moto, mashine ikaanza kujizima na kujiwasha katikati ya kazi. Hakuniambia. Aliweka feni ya mezani ubavuni, akaendelea. Kisha ikaja harusi moja kubwa. Wakanakili kadi za kamera kwenye kompyuta, wakafuta kadi ili zitumike harusi ya wiki ile, na siku mbili baadaye mkewe alipokaa kuhariri, faili nyingi hazikufunguka. Zilizofunguka zilikuwa na miraba ya rangi juu ya nyuso za watu.

Alinipigia usiku. "Mjomba, nikahi ipo. Kupamba hakupo."

Nikapanda basi la usiku. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kipoza joto kimelegea njiani. Hakikulegea. Nikapima hewa ya duka saa nane mchana: nyuzi 34. Nikawasha Prime95: nyuzi 83, na dakika ya 11 kiini kimoja kikatoa jibu la makosa. Nikasafisha mapezi, nikarudisha 3.0 na volti 1.25, nikaanza tena: nyuzi 69, na baada ya saa 12 hakuna kosa. RAM nikaipima peke yake kwa MemTest86+ ikawa nzima. Diski nzima. Mkosa nilikuwa mimi.

Jambo la kulielewa hapa ni kwamba prosesa haikuungua. Prosesa hizi zina kinga: zikizidi joto hujipunguza kasi, na zikifika hatari hujizima. Lakini kabla ya kufika huko kuna eneo ambamo hazizimiki wala hazifanyi kazi sawasawa. Joto hupunguza wepesi wa transista na huongeza ukinzani wa nyaya zake, na pigo linakuja kabla ya jibu kuwa tayari. Inakosea hesabu moja katika mabilioni. Ukiwa unaangalia sinema hutaona kitu. Ukiwa unanakili faili, kosa linaandikwa kwenye diski na kukaa humo. Na pigo la msingi likipandishwa haliisukumi prosesa peke yake, bali hata njia kati ya prosesa na RAM, ambako kila kinachonakiliwa hupita.

Mama wa bibi harusi alikuja dukani, akakaa nyuma na mke wa mpwa wangu, akaomba aonyeshwe kilichobaki. Walikaa muda mrefu. Hakupiga kelele. Pesa zote tulimrudishia, nusu kutoka mfukoni mwangu, lakini shughuli ile hairudiwi. Mwaka uliofuata binti yake mdogo alipoolewa, kazi walimpa mtu mwingine.

Dakika nilizompatia kutoka 3.0 hadi 3.4, kwa kila harusi, zilikuwa 23.

Ukitaka kufanya, fanya hivi

Sikatazi watu. Q6600 ile bado ilifanya kazi miaka kadhaa kwa 3.0, na robo ya kasi ya bure si kitu cha kudharau. Utaratibu nilioufuata tangu hapo ni huu.

1. Hifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje kwanza. Wakati wa majaribio usiitumie mashine kwa kazi ya mtu.

2. Ijue prosesa. Programu ya CPU-Z itakuonyesha jina, toleo, kizidishi na volteji. Kwa Q6600, toleo G0 ni bora kuliko B3: la kwanza limeandikiwa wati 95, la pili 105.

3. Kagua bodi na pawa saplai. Kapasita zilizovimba vichwa ni ishara ya kuacha kabisa. Pawa saplai nyepesi ya bei rahisi, iliyoandikwa wati 500 kwa nje, huenda isitoe hata nusu kwa utulivu.

4. Safisha mapezi na feni, toa pesti ya zamani iliyokauka, paka mpya nyembamba.

5. Pima joto mahali ambapo mashine itakaa, si mahali pa fundi. Pima saa nane mchana, mlango ukiwa kama unavyokuwa siku zote. Kama sasa ni kusi, jiongezee nyuzi 5 au 6 za kaskazi.

6. Ndani ya BIOS funga njia ya PCI Express kwenye megahezi 100 na PCI kwenye 33, zisipande pamoja na pigo la msingi. Kwenye bodi zisizozifunga, diski inaweza kuharibu data. Punguza pia uwiano wa RAM ili isivuke kasi iliyoandikwa juu yake.

7. Pandisha pigo la msingi megahezi 10 kwa wakati mmoja. Kila hatua washa Prime95 kwa dakika 20 ukitazama joto. Usiguse volteji.

8. Ikikosea au ikiganda, rudi nyuma hatua mbili na usimame hapo. Huo ndio mpaka wa bure, na kwa mashine ya kazi ndio mpaka wako. Kiwango cha juu cha volti 1.5 kilichoandikwa na Intel kwa prosesa hizi si lengo la kulifuata. Volteji na joto vikizidi, mkondo wa umeme husogeza chembe za metali ndani ya nyaya ndogo mno za prosesa, na baada ya miezi au miaka ile kasi iliyokuwa ikiiweza inaikataa.

9. Fanya jaribio refu la saa 12 ambalo ndani yake mna mchana wa joto. Usiku peke yake hautoshi, nami ni shahidi. Kisha MemTest86+ usiku unaofuata. Mimi sikubali viini vipite nyuzi 70 katika saa ya joto kali kuliko zote.

10. Nakili faili kubwa, halafu thibitisha. Kwenye Linux amri ya sha256sum, na kwenye Windows certutil, hutoa namba ndefu ya utambulisho wa faili. Namba ya nakala ikitofautiana na ya asili hata kwa herufi moja, mashine yako si ya kuaminiwa.

Ikiwa umepandisha mno na mashine haiwaki, usiogope. Chomoa waya wa stima, toa ile betri ndogo ya duara kwenye bodi kwa dakika chache, irudishe. BIOS itasahau uliyoyafanya na kurudi ya kiwandani.

Baada ya hapo, pwani safisha kila miezi miwili au mitatu, na kaskazi ikiingia rudia hatua ya 9.

Kompyuta zisizokubali

Wengi wanaonipigia simu wana Dell OptiPlex au HP Compaq za ofisi. BIOS za mashine hizo hazina mahali pa kubadilisha pigo la msingi, na hilo ni la makusudi, kwa sababu ofisi inataka utulivu. Wako wanaofunika mguso mmoja chini ya prosesa kwa kipande kidogo cha selotepu ili bodi idanganyike na kutoa pigo la 333 badala ya 266. Hufanya kazi kwa baadhi, lakini huna namna ya kurekebisha volteji wala RAM, na kipoza joto cha ofisi hakikutengenezewa hivyo. Mimi siifanyi kwa mashine ya mteja.

Kwa prosesa za Intel za kuanzia 2011, mlango wa pigo la msingi karibu umefungwa kabisa. Zinazopandishwa ni zile zenye herufi K mwisho wa jina, tena zikiwa kwenye bodi inayoruhusu. Core i5-2400 au i5-3470 ya ofisi utaiacha ilivyo.

Kabla ya yote, jiulize hili

Mara nyingi anayelalamikia prosesa ana ugonjwa mwingine. Mashine ikichukua dakika tatu kuwaka na kufungua programu, tatizo ni diski ya kuzunguka. Badilisha kwa SSD na hutaamini. Ikiwa inaganda ukifungua kurasa nyingi za intaneti, RAM ni ndogo. Ikiwa inapungua kasi baada ya nusu saa, imejaa vumbi na inajipunguza yenyewe kwa joto, na hapo kusafisha kunakupa kasi uliyoinunua tangu mwanzo.

Kuzidisha kasi humfaa mwenye kazi nzito ya hesabu, kama video. Naye pia afikirie: i5-3470 ya mwaka 2012, kwa gigahezi zake 3.2 za kiwandani na wati 77, huishinda Q6600 hata ile yangu ya 3.4. Bei za mitumba zimeshuka kiasi kwamba pesa za kipoza joto kizuri, pawa saplai na muda wa fundi zinakaribia kununua mashine nzima ya namna hiyo. Mpwa wangu alifanya hivyo mwishowe. Ile Q6600 ameipa kazi ya kuchapisha kadi za mialiko, na nimeirudisha 2.4.

Siku hizi akinipigia mtu kutoka nyumbani, namuuliza mambo matatu kabla ya kujibu: mashine itakaa wapi, chumba hicho kina joto gani saa nane mchana Februari, na ndani yake mtawekwa nini ambacho hakina nakala. La tatu ndilo ambalo sikumuuliza mpwa wangu. Kadi za kamera hazifutwi dukani kwake mpaka ziwepo nakala mbili kwenye diski mbili, na zimethibitishwa zote mbili.